Huu moto wa chini ukizima leo, sisi huku juu tutajua?

fundi_wa_pampu_nax

Wasee habari za jioni. Niko na swali limenikalia kichwani tangu Alhamisi na hapa najua kuna watu wamesoma, hebu mnisaidie.

Mimi ni fundi wa pampu za visima hapa Nakuru. Alhamisi nilienda kutoa pampu kwa mzee mmoja kule nyuma ya Menengai, ule mlima wa volkano, nikaenda na msichana wangu wa Gredi 8 sababu shule zimefungwa na yeye afadhali ashike spana kuliko kuosha vyombo. Tukavuta bomba moja moja mpaka pampu ikatoka, nikamwambia aishike, akaruka nyuma. Moto! Si moto wa kuchoma, ni kama kikombe cha chai umekiacha kidogo. Hiyo maji ukiweka kwa karai unaoga bila kupasha. Mwenye kisima akacheka, akasema tangu achimbe hajawahi kununua makaa ya maji ya kuoga.

Sasa msichana akauliza, baba, na huo moto ukiisha? Nikamwambia hauwezi kuisha. Akasema kwani nani anauongeza? Hapo nikaanza kupangusa pampu na haikuwa hata chafu.

Jioni nikatupa swali kwa grupu ya familia. Shemeji yangu wa Kisumu, yule wa kujibu kila kitu, akasema moto wa chini hauna kazi na sisi, joto letu linatoka kwa jua, huo mwingine ukizima leo hata kuku hawatajua. Mimi roho inakataa lakini sina la kumjibu. Ni ukweli? Na kama si ukweli, huo moto umetufanyia nini?

dogo_wa_kondele

Kwanza stima itapotea, hiyo tu ndio najua. Zaidi ya asilimia 40 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa chini ya ardhi, wa Olkaria na wenzake, kwa hivyo shemeji yako atajua kabla ya kuku wake 😂

mvuke_na_matope

Nimechimba visima vya mvuke miaka tisa, Olkaria halafu Menengai, kwa hivyo wacha nianze na kitu kinaniudhi kila nikisikia. Watu wanadhani chini ya miguu yetu kuna supu ya lava imejaa mpaka katikati na sisi tunaelea juu. Hapana. Ganda likiisha unaingia manto, na manto ni mwamba, mwamba kabisa, unashuka mpaka kama kilometa 2,900, lakini kwa vile una moto na una wakati wote wa dunia hii unasogea polepole, mwendo wa kucha ikimea. Magma inapatikana pale presha imelegea au maji yameingia ndio mwamba unayeyuka kidogo. Ukipita manto ndio unakuta chuma kilichoyeyuka kweli, na katikati yake donge la chuma kigumu, joto zaidi ya nyuzi 5,000, na halijayeyuka kwa sababu limekandamizwa na dunia yote.

Hakuna mtu amefika huko. Warusi walianza shimo lao la Kola 1970, kufika 1989 walikuwa mita 12,262 na joto nyuzi 180, mashine ikakataa. Na kutoka hapo ulipokaa hadi katikati ni kilometa 6,371, piga hesabu mwenyewe. Hiyo donge la ndani iligunduliwa na mama mmoja wa Denmark anaitwa Inge Lehmann, 1936, bila kuchimba hata futi moja. Alikuwa anasoma karatasi za mitetemeko akaona mawimbi yanatokea mahali hayafai kutokea, akasema kuna kitu kigumu huko ndani kinayarusha.

Sisi hapa Nakuru moto umekuja karibu kuliko kawaida. Kuna visima ndani ya kaldera ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano, vilikutana na magma kwa kilometa 2 hivi. Ukichimba, yale matope yanarudi juu na chembe za mawe na mtu wa jiolojia anazichekechea hapo hapo. Ukiona zimeanza kung'aa kama chupa iliyopondwa unajua sasa ni magma imegandishwa na maji ya kuchimbia, na unaomba tu bomba lisishikwe.

Msichana akiuliza nani anauongeza mwambie hivi. Nusu hivi ni joto la kuzaliwa, mawe yaligongana yakashikana miaka bilioni 4.5 iliyopita na hilo joto halijaisha kutoka. Hiyo nusu ingine inaendelea kutengenezwa na urani, thori na potasiamu zilizo ndani ya mawe, zinavunjika polepole zikitoa joto. Ni kuni, lakini zote ziliwekwa jikoni siku ya kwanza.

Shemeji hajakosa yote pia. Joto linalokufikia kutoka chini ni kitu kidogo sana, la jua linalishinda zaidi ya mara elfu mbili. Ukizima leo usiku hautasikia baridi. Lakini anaangalia jiko kama kitu cha kuota moto tu, na jiko ni la kupika.

fundi_wa_pampu_nax

Sasa huko kupika ndio nataka nisikie. Asante mkubwa. Na nimeshamsomea ile ya chupa, ameniuliza kama unaweza kumletea kipande.

mwl_wa_kakamega

Mulembe wote. Hapo kwa kupika mniachie mimi, nimefundisha Jiografia na Sayansi miaka mingi huku.

Fikirieni sufuria kubwa ya githeri na sahani moja ya githeri. Zipakue saa moja usiku. Saa tatu ile ya sahani imekuwa baridi kama jiwe, na sufuria bado inafuka ukifunua. Mirihi ndiyo sahani. Upana wake ni nusu ya Dunia, uzito ni kama sehemu moja ya kumi, ikapoa mapema. Kule ganda halina mabamba, yaani vipande vikubwa vinavyotembea. Ndiyo maana ina ule mlima Olympus Mons wa kilometa kama 22 kwenda juu, volkano ilikaa pale pale ikijilundikia kwa sababu ganda halikusogea kuipisha.

Huku kwetu manto inazunguka, na ganda la juu linaburutwa kama ule utando wa maziwa ukitikisa sufuria. Mahali pengine linapasuka, kama Bonde la Ufa hapo kwa fundi, linafunguka milimita chache kila mwaka. Mahali pengine bamba moja linazama chini ya lingine. Huko kuzama ndiko naomba mkae nako kidogo.

Mvua inaponyesha hubeba hewa ya kaboni kutoka angani, inakuwa tindikali hafifu sana, inakula mawe. Mto unapeleka hiyo kaboni baharini, konokono na chaza wanaigeuza kuwa magamba, magamba yanashuka chini na kuwa chokaa. Kama mambo yangeishia hapo, kaboni yote ingezikwa, mimea ikose chakula, na dunia igande kwa kukosa blanketi, maana kaboni ya angani ndiyo inashika joto. Lakini bamba likizama linashuka na hiyo chokaa, inachomwa huko chini, na kaboni inarudi kupitia volkano. Kukiwa na joto sana mvua inaongezeka na mawe yanaliwa haraka, kaboni inapungua. Kukiwa na baridi mawe hayaliwi, volkano inaendelea kutoa, kaboni inapanda. Mnaona? Kama mama anayeongeza na kupunguza kuni bila kuangalia saa.

Na imeshawahi kujaribiwa. Kati ya miaka milioni 720 na 635 iliyopita barafu ilifika mpaka nchi za ikweta, mara mbili. Bahari zikafunikwa, mawe yakafunikwa, mvua ya kuyala hakuna. Volkano hazikujali barafu, ziliendelea kupumua mamilioni ya miaka mpaka blanketi likawa zito barafu ikayeyuka. Baada ya hapo ndipo visukuku vya viumbe vikubwa vya kuonekana kwa macho vinaanza kujaa kwenye mawe. Kama moto ungekuwa umezima wakati ule, pengine hapa duniani tungekuwa vijidudu chini ya barafu na hakuna wa kuuliza swali.

Ukitaka kuona kaboni ikikosa wa kuizika, tazama Zuhura. Ukubwa ni karibu sawa na Dunia, lakini haina bahari wala mabamba ya kuzama kama yetu, hewa yake ni nzito mara 90 kuliko ya hapa na chini joto ni nyuzi 460 na kitu. Sisi pia tuko na kaboni nyingi kiasi hicho, tofauti ni kwamba yetu imefungiwa ndani ya mawe ya chokaa.

mtumishi_wa_eldama

Mimi sitaki ubishi, lakini hizo bilioni mnazitoa wapi? Mungu aliumba. Mwalimu ulikuwepo?

mwl_wa_kakamega

Sikuwepo mtumishi, na mimi Jumapili niko kwaya ya wazee, sauti ya nne. Aliyeumba sijamtoa. Lakini aliweka saa ndani ya mawe. Urani ile nzito inageuka kuwa risasi polepole, na nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 4.47. Ukipima kiasi cha urani na risasi ndani ya jiwe unasoma saa. Umri wa Dunia ni kama bilioni 4.54, kwa hivyo ile urani iliyokuwepo siku ya kwanza, nusu yake bado ipo. Mawe yetu ya huku yanapita miaka bilioni mbili na nusu. Wakati wa ile mbio ya dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930 watu walikuwa wanafuata mishipa ya mawe meupe, na hiyo mishipa ni nyufa ambazo maji ya moto kutoka chini yalipita na dhahabu, yakapoa, yakaiacha. Vijana wangu wengine waliacha shule kwa ajili ya hiyo dhahabu. Moto uliozima zamani hivyo na bado unanichukulia wanafunzi.

mtumishi_wa_eldama

Sawa mwalimu. Saa ndani ya mawe, hiyo nimeibeba.

kapteni_dish

Mmesahau kubwa zaidi!! Sumaku. Chuma kilichoyeyuka kikiacha kuzunguka sumaku ya dunia inakufa, jua linatuchoma wote kwa wiki moja, hewa inapeperushwa, kwisha. Niliona video.

mvuke_na_matope

Kapteni video ilikuwa na haraka. Ni kweli sumaku inatengenezwa na hicho chuma, na inasukuma kando upepo wa jua, zile chembe jua linarusha. Ni kweli pia Mirihi ilipoteza yake kitu kama miaka bilioni 4 iliyopita na hewa ikaisha, chombo MAVEN kilifika huko 2014 na kimepima ikivuja. Lakini Zuhura nayo haina sumaku yake mwenyewe na hewa imejaa. Mirihi ni nyepesi, haina nguvu ya kushika hewa na volkano zake zikalegea kuongeza ingine, sumaku ni moja tu ya mashtaka. Na ya kwetu hupinduka, kaskazini inakuwa kusini, mara ya mwisho kugeuka kabisa ni kama miaka 780,000 iliyopita. Wakati inapinduka inakuwa dhaifu kabisa na babu zetu walikuwepo, wakiwa na moto na mawe ya kuchongea, na hawakuisha. Hewa yenyewe ni paa nene. Satelaiti na stima ndio zitaumia kwanza.

kapteni_dish

Sawa. Mimi ni mtu wa madish, kwangu satelaiti zikiumia ndio mwisho wa dunia.

nyar_kendu

Mimi nauza samaki na si mwanasayansi lakini hii kitu naijua kwa upande wangu wacha niseme.

Kwetu Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa la mviringo kama limekatwa na sufuria. Nyanya alituambia palikuwa kijiji, usiku kulikuwa na karamu, bibi mzee akapita akaomba mahali pa kulala wakamfukuza, mmoja tu ndio alimhurumia. Bibi akamwambia toka sasa hivi. Asubuhi kijiji kiko chini ya maji. Nilipokuwa mkubwa mgeni mmoja wa chuo akanieleza ni shimo la volkano, maji ya chini yalikutana na magma ikalipuka. Mimi nimeweka zote mbili, hazipigani.

Lakini mnaongea githeri na Zuhura na hamjataja hata ziwa letu. Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ni kama sinia, pana halafu chini hakuna, pale kina ni kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Tanganyika inapita mita 1,400, ile ni ufa wenyewe. Letu liko katikati ya nyufa mbili. Zamani mito ya huku ilikuwa inaenda magharibi, halafu ardhi upande wa Uganda ikanyanyuliwa na huo moto wenu, mito ikazuiwa ikarudi nyuma, maji yakajaa kwa sinia. Mto Katonga mpaka leo haujui unaenda wapi, upande mmoja unaenda huku na mwingine kule.

Na ziwa limeshakauka! Miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa nyasi. Lilipojaa tena ndio fulu, hawa samaki wadogo, wakatokea wote hawa, zaidi ya aina 500, wa kukwangua mawe, wa kula konokono, wa kula watoto wa wenzao, wa rangi hii na ile, kutoka kwa samaki wachache walioingia na mito wakazaana kwa mchanganyiko. Wasomi wanakuja kutoka Ulaya kuwahesabu. Halafu wazungu wakaweka mbuta (sangara) miaka ya hamsini na kitu, fulu wakaliwa, aina nyingi hatutaziona tena. Nikiwa mdogo mama alikuwa anakausha fulu kwa paa la mabati, zile ndogo ndogo, ukipita unajifanya unafukuza kuku ukimeza mbili.

Na Rusinga nayo. Volkano ya Kisingiri ilikuwa inamwaga majivu yenye chokaa, mifupa ikafunikwa na kugeuka jiwe. Mary Leakey 1948 akapata pale fuvu la nyani asiye na mkia wa miaka kama milioni 18, siku hizi wanamwita Ekembo. Moto usingekuwa unamwaga majivu hata huyo hatungemjua. Na Nyayanga, hapo tu Homa Peninsula, wametangaza 2023 mawe ya kukatia nyama ya kiboko, miaka milioni 2.6 au zaidi. Nyama ya kiboko! Na sisi tunabishana omena.

mvuke_na_matope

Nyar Kendu umenimaliza. Niongeze ya kwetu. Ardhi ilivyonyanyuka huku mashariki mvua ikapungua, msitu ukapasuka ukawa nyasi na vichaka, maziwa yakawa yanajaa na kukauka, na wengi wanaona hapo ndipo kutembea kwa miguu miwili kulianza kulipa. Orrorin, kiumbe wa kale anayehesabiwa ukoo wetu, alipatikana Tugen Hills mwaka 2000, miaka milioni 6, na mfupa wake wa paja unaonyesha alikuwa anasimama.

Flamingo pia. Mawe ya volkano yanatoa magadi, maji yanakuwa chungu, samaki wengi hawawezi, lakini vile vijidudu vya kijani anavyokula flamingo vinafurahi, na rangi yake ya waridi inatoka kwa hicho chakula.

mkulima_solai

Mnausifu sana huo moto kama ni mtoto wenu. Si ni huo huo uliua? Nilisoma kuhusu Siberia.

mwl_wa_kakamega

Ni huo huo. Miaka milioni 252 iliyopita lava ilimwagika Siberia eneo kubwa kuliko Kenya mara nyingi, ikapita kwenye makaa ya mawe ikayachoma, kaboni ikajaa, bahari ikapata joto ikakosa oksijeni. Viumbe vya baharini karibu aina 9 kati ya 10 viliisha. Mama wa kuongeza kuni alilala siku hiyo. Walionusurika wakapata dunia tupu, na humo ndimo ukoo wa dinosaria ulipata nafasi, na baadaye kidogo wa kwetu.

fundi_wa_pampu_nax

Jameni. Nimesoma kwa sauti nyumbani tangu saa mbili, chakula kimepoa, na sisi ni wa sahani kwa hivyo kimepoa haraka.

Mkulima ametaja ubaya na mimi niko na mmoja nimekaa nao mdomoni miaka yote. Nimezaliwa Njoro. Meno yangu ni kahawia, mnajua yale meno, ukienda Mombasa ukicheka mtu anakuuliza wewe ni wa Nakuru? Ni floraidi ya kwa maji ya kisima, inatoka kwa haya mawe ya volkano. Harusi yangu picha zote nimefunga mdomo. Msichana nilimlea kwa maji ya mvua nikaweka tangi kabla hata niweke sakafu, meno yake ni meupe. Leo nimemweleza kwamba mimi nimebeba manto kwa meno, akasema fungua mdomo nione. Nikafungua. Amepiga picha na kuweka kwa ile grupu ya familia, shemeji amejibu kwa emoji ya kulia.

Swali lake la mwisho, ameniambia silali mpaka nijibiwe: utaisha lini?

mvuke_na_matope

Mwambie lile donge la ndani linakua kama milimita moja kwa mwaka, chuma kinaganda polepole, hiyo ndiyo kupoa kwenyewe. Na thori nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 14, kwa hivyo kuni ziko. Jua lenyewe linazidi kuwaka kadiri linavyozeeka, na kama kwa miaka bilioni moja hivi litakuwa na moto wa kukausha bahari. Wakati huo chini bado kutakuwa kunafuka.

fundi_wa_pampu_nax

Kwa hivyo jua litatumaliza kabla moto wa chini uishe?

mvuke_na_matope

Ndio.

fundi_wa_pampu_nax

Hiyo sipeleki kwa grupu. Shemeji ataishi nayo mwaka mzima.

Kesho narudi kwa yule mzee na raba mpya za pampu, zile za kwanza zimelainika kama chapati. Msichana anakuja, ameficha kipimajoto cha nyanya yake kwa mkoba.